Mashine Iliyofufuka na Habari za Kale

Hapana, dada huyu sikumtunga. Barua yake ninayo hapa mezani, nimeikandamiza na bisibisi isipeperuke. Mimi shule niliishia darasa la tano, mengine nimefundishwa na kompyuta mbovu za watu, kwa hiyo barua kama hii naisoma mara tatu huku chai inapoa. Isome na wewe.

"Mshauri, shikamoo, na kama nimekuzidi umri nirudishie. Nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Nafanya kazi hospitali ndogo, natunza seva tatu, zile kompyuta kubwa zenye kadi za wagonjwa, na hizi tatu zinaishi kama ndugu, kinachoandikwa kwenye moja na zingine zinaandika, na pembeni kuna diski ya nakala ambayo kila jioni inatakiwa imeze kila kitu, sasa chumba chenyewe joto lake mtu anaiva, soketi chache, nikachomoa diski nikachomeka feni, nikasema nitairudisha kesho, kesho ikawa wiki tatu, na kila asubuhi mama daktari, bosi wetu, anapita mlangoni, 'Nakala tayari?' na mimi, 'Tayari, mama,' mdomo mtamu huo. Jumanne seva moja ikatoa harufu ya plastiki ikanyamaza jumla, mbili zilizobaki zinachapa kazi utadhani hazikufiwa. Hospitali imeleta mashine nyingine, nikamwita shemeji, mume wa dada yangu, anajuajua haya mambo, akasema, 'Si una nakala? Imwage humo, washa, nani atajua?' Nikamwambia, 'Shemeji, nakala ni ya wiki tatu, kuna mzee wa kisukari kabadilishiwa dozi juzi, si itarudi ile ya zamani?' Akacheka, 'We naye, unaogopa kama umeiba.' Na kweli najisikia kama nimeiba. Mama daktari anataka seva zote tatu zisimame Ijumaa. Niimwage kimya kimya, au niseme nifukuzwe?"

Pole, dada yangu. Pole imeisha, sasa nikuseme: wiki tatu unapepewa na feni, ekstensheni moja ilikushinda? Na hiyo "tayari, mama" ya kila asubuhi, ulikuwa unaimba?

Ila swali lako lilinikaa kichwani. Nikaokota mashine tatu kwenye lundo langu la chakavu, nikaziunga zikawa ndugu kama zako, nikaandika humo majina ya wateja wangu, na chai ya mke wangu, sukari vijiko vitatu. Nikachukua nakala. Halafu nikabadilisha: kijiko kimoja, na majina mawili nikayafuta. Nikaua mashine moja, nikaimwagia nakala ya zamani kama anavyotaka shemeji yako. Weee! Imeamka na vijiko vitatu, tena majina niliyokwisha kuyafuta ikaanza kuwapelekea wenzake! Mke wangu akasema, "Huyo ni mjomba wako. Karudi safari ya miaka, moja kwa moja kwenda kumposa mchumba wake wa zamani, kumbe mwenzake sasa ana mume na watoto wawili."

Nikaifuta yote. Safari hii nikaiingiza tupu, kama mgeni, haijui lolote. Wenzake wawili wakaijaza wenyewe, polepole, mpaka ikasema kijiko kimoja. Niliikodolea macho mpaka mteja akachoka akaenda zake.

Kwa hiyo shemeji akae mbali na hiyo mashine, mpe soda anywe. Leo hii, kabla hujagusa kingine, chomeka diski uchukue nakala mpya kutoka kwa hizo mbili zilizo hai. Maana mbili zinafanya kazi kwa sababu zinakubaliana. Ikianguka moja tena, itakayobaki haina wa kukubaliana naye, itagoma. Ukishapata nakala, lifute jina la marehemu kwenye kundi, ingiza mashine mpya ikiwa tupu, waache wenzake waifundishe. Halafu fungua kwenye hiyo mpya kadi ya mzee wa kisukari. Ukiona dozi ya juzi, pumua.

Utauliza, sasa nakala ni ya nini? Ni ya siku ile seva zote tatu zikiungua pamoja, au mtu akifuta kadi kwa bahati mbaya, maana ndugu hao wanafuta pamoja vilevile, bila kuuliza.

Na mama daktari mwambie, tena mwambie leo, usingoje Ijumaa. Mpaka mgeni ashibe, hospitali imesimama kwa miguu miwili, na yeye ndiye mwenye wagonjwa. Anatakiwa achape kadi za walio wodini kwenye karatasi. Atafoka. Mwache afoke, wewe simama umsikilize. Lakini yule mzee akichomwa dozi ya zamani, utamwambia nini mtoto wake?

Na wewe unayesoma huku unacheka, tupatane. Nenda kwenye nakala yako, hiyo unayojisifia, toa picha moja tu uifungue kwenye mashine nyingine. Ikifunguka, niletee kompyuta yako niisafishe vumbi bure. Ikigoma, unanunua diski kwangu, bei ninayotaja mimi, na hakuna kuniomba nipunguze. Umekubali?