Tonge la Kwanza Sikulimega, Baba

Baba,

Nimekukasirikia. Nimejaribu kuianza barua hii kwa upole mara kadhaa nikashindwa, kwa hiyo acha ianze ilivyo.

Krismasi tumeila bila wewe, lakini tumeila kwako, hapo hapo mtaani Tena, kwenye sebule yenye yale makochi uliyokataa tuyabadilishe. Nilitaka watu waje kwangu Donholm. Shangazi Nafula hakutaka hata kusikia. Alisema nyumba ya kaka yake haiwezi kufungwa Krismasi ya kwanza kama nyumba ya watu waliohama usiku kwa sababu ya rent. Basi tukaja, mimi na Rose na watoto wetu, Wafula na mke wake na watoto wao. Shangazi alikuwa ameanza kukanda unga kabla jua halijatoka. Nyumba ilinukia chapati, ngazi zilinukia chapati, hata nguo za majirani zilizoanikwa nje nadhani zilinukia chapati. Nikasimama mlangoni na hotpoti yangu ya mboga mkononi, nikajua leo kuna kazi.

Habari ya hotpoti huijui kwa sababu ulitangulia. Nina sukari, Baba. Ile ile yako. Siku daktari alipotuita kwenye korido kutuambia mguu wako lazima ukatwe, alituuliza umekuwa na kisukari kwa muda gani. Wafula akaniangalia, nami nikamwangalia Wafula. Sisi tulijua una vidonda vya tumbo, maana ndivyo ulivyotuambia. Vidonge ulivificha kwenye mkebe wa majani ya chai juu ya kabati, na ukiishiwa nguvu ulikuwa na jibu moja tu: "Mimi si mgonjwa, nimechoka tu." Yule daktari alituona watu tusiojali mzazi wetu. Kisha akasema sisi pia twende tukapimwe. Wafula alipimwa akatoka sawa. Mimi sikutoka sawa.

Na dalili nilikuwa nazo. Kwa muda mrefu nilikuwa naona ukungu nikichoma vyuma, mstari unapotea mbele ya macho yangu, nikidhani ni moshi. Nilirudia geti moja la mteja mpaka vijana wa kazi wakaanza kunicheka pembeni. Fundi wa mageti asiyeona mstari anafaa kutafuta kazi nyingine, na mimi kazi nyingine siijui. Kliniki wakanipa dawa, halafu mama mmoja wa mambo ya lishe akanikalisha chini akaniambia dawa peke yake haitoshi, nipunguze vyakula vya wanga. Ugali, chapati, wali, viazi, mkate, soda. Nikamwuliza sasa kimebaki nini, anieleze ili nijue kama bado naishi. Akacheka. Kimebaki kuku, samaki, mayai, mboga za managu, kabichi, avocado. Ananiambia mimi, mtu wa Bungoma, ambaye hata akila nyama kilo nzima bila ugali atalala akisema hajala.

Wiki za mwanzo sikufaa kuishi na watu. Niligombana na mama wa mandazi pale kazini kwa kosa la kupika mandazi. Rose naye alianza kunikatia kabichi nyembamba nyembamba, anaipika na vitunguu vingi, ananiwekea pale ugali ulipokuwa unakaa, na mimi naiangalia kwa chuki. Lakini ukungu ulitoka, Baba. Mstari nauona. Kwa hiyo ujue kilichokuwa mezani siku ile hakikuwa chapati. Ni macho yangu na hii miguu yangu miwili, ambayo bado naipenda.

Sasa sikia Shangazi alivyofanya. Kiti chako alikiweka pale pale pako, mgongo kwa dirisha. Akasema kiti cha mwenye nyumba hakikai kitupu siku ya sikukuu, mtoto wa kwanza akikalie. Nikakaa. Halafu akatoka jikoni na sahani yako ya bati, ile iliyobanduka ukingoni, na ilikuwa imejaa kama ulivyoipenda wewe. Ugali umesimama katikati, chapati zimekunjwa, pilau pembeni, viazi ndani ya mchuzi, na juu ya vyote firigisi ya jogoo, ya mwenye nyumba. Watoto wakanawishwa mikono. Tukaomba. Kisha watu wote wakaniangalia.

Maana hilo ni lako, Baba. Kwako hakuna aliyegusa chakula kabla hujamega tonge la kwanza. Tumekua hivyo, mikono tumenawa, mate yametujaa mdomoni, tunangoja wewe umege. Nilikuwa nimejipanga kukataa chapati, nimejipanga kukataa soda, nina maneno yangu tayari kwa kila kitu. Tonge hilo sikulifikiria hata kidogo.

"Mega, baba," Shangazi akaniambia. Unajua ananiita baba tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la baba yenu. "Mega watoto wale."

Nikamwambia, "Shangazi, ugali sitakula. Acha nianze na firigisi, halafu niko na mboga zangu hapa."

Wafula hakunisaidia. Wewe unamjua. "Yaani buda, umebeba lunch box Krismasi ka mtoi wa nasari," akasema, na watoto wakacheka. "Si umege tu hiyo kitu tukule. Tonge moja haiwezi kukumaliza."

Na ni kweli, tonge moja halingenimaliza. Ningelimega, watu wangekula kwa amani, jioni ningetembea mpaka mtaa wa Umoja na kurudi na mambo yangeisha. Rose alikuwa ananigusa mguu chini ya meza, na mpaka leo sijamwuliza alikuwa ananiambia nikatae au nikubali. Lakini nilikiangalia kile kilima cha ugali nikakuona wewe. Nilikuona unavyomwambia daktari "mimi ni mboga tu, daktari, mboga na maji," na mfukoni una kizibo cha soda uliyoinywa kwenye duka la chini ili tusikuone. Wewe ulikula tonge moja moja, Baba. Hakuna siku uliyokula sumu. Nikakunja mkono.

Shangazi akaiangalia sahani. Unajua uso wake unavyokuwa mdogo. Kisha akasema, polepole, watoto wakisikia, "Kwa hivyo unasema mimi ndio nilimuua."

Nilipaswa kuliona hilo likija. Kwetu ukikataa chakula cha ndugu yako umeshasema neno, hata kama hujafungua mdomo. Yeye ndiye aliyekupikia tangu Mama afariki. Kila sahani uliyokula ilipita mikononi mwake. Nami nimekataa tonge kwenye sahani yako, kwenye kiti chako, mbele ya watoto, na mke wa Wafula ameshika kijiko hewani hajui akiweke wapi. Ningesema hapana, Shangazi, sivyo. Lakini nilikuwa na njaa na nilikuwa na hasira, nikamwuliza, "Ulijua ana sukari?"

"Nilijua," akasema. "Yake nilijua. Na ya baba yetu nilijua. Kwani wewe unadhani baba yetu aliumwa na nyoka?"

Wafula akaacha kutabasamu.

Baba, yule nyoka. Yule nyoka uliyetusimulia tukiwa wadogo mpaka tukawa tunaogopa kwenda shambani likizo. Babu alikuwa anakata miwa, nyoka akamuuma kifundoni, mguu ukaoza, wazungu wa misheni wakaukata. Ulimpa yule nyoka rangi. Ulituonyesha kwa mikono urefu wake. Ulisema Babu alimuua kwa jembe kwa pigo moja kabla hajaanguka, nasi tukajivunia. Mimi nina jina la mtu huyo, na shuleni nilisimama mbele ya darasa nikasimulia habari za nyoka ambaye hakuwepo.

Niliinuka kwenye kiti chako. Firigisi niliichukua nikaila nimesimama, kwa kuwa ilikuwa haki yangu na sukari haina shida na firigisi. Rose ndiye aliyewaambia watoto wale. Wakala kimya, chapati za Shangazi zilizolainika vile, wakazila kama wako kanisani. Hiyo ndiyo Krismasi uliyotuachia.

Nataka kukuuliza kitu na najua hutajibu, na hata ulipokuwa hai usingejibu. Neno moja lingekupunguzia nini? Ungesema tu, wanangu, kwetu kuna ugonjwa huu, kuweni macho. Ningepimwa nikiwa kijana. Ningekunywa chai bila sukari nikiwa kijana, wakati mwili bado unasikia unachoambiwa. Badala yake ulitupa nyoka. Ulikuwa baba mzuri, sitakunyima hilo, ulitusomesha kwa kazi ya kiwandani na hukutupiga ovyo, na Jumapili ulitupeleka kwa mguu mpaka mjini kuona magari tu. Ndiyo maana inauma. Ungekuwa mlevi tungekulilia kidogo tukaendelea na maisha.

Baada ya kula nikaenda jikoni kumwomba Shangazi msamaha. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, sufuria ziko majini, hajaosha hata moja. Hakuniangalia. Alivua kiatu, kile cheusi cha kanisani ambacho tangu asubuhi alikuwa nacho miguuni, akavua soksi, akafungua kitambaa. Sitaki kukueleza harufu, wewe unaijua. Chini ya kidole kikubwa kulikuwa na kidonda ninachoweza kuingiza ncha ya kidole changu. Alisema kilianza na kijiwe kilichoingia kwenye ndala, na kwamba hakiumi. Hicho ndicho kilichoniogopesha, kwamba hakiumi.

Nikamwuliza nani mwingine anajua. "Kaka," akasema. Yaani wewe.

Ndipo aliponiambia ulichosema. Kwamba mkisema, watoto hawataoa wala kuolewa, watu wataogopa damu yenu, wakwe watarudi nyuma. Kwamba wewe mwenyewe ulichumbia mara moja ukaachwa kwa sababu ya mguu wa Babu, hata kabla ya Mama, na ukaapa sisi hayo hayatatupata. Kwa hiyo mkakubaliana nyoka. Yeye alikuwa msichana bado, akaapa nawe, na mpaka leo alikuwa ameshika kiapo chake, na mguu wake unaoza ndani ya kiatu.

"Nilimpikia baba yangu," akasema. "Nikampikia Kaka. Wewe ukikataa chakula changu najua umeshaona nilichowafanyia." Kisha akalia, nami nikalia, na mimi silii ovyo.

Sababu yako nimeielewa, Baba. Nimeigeuza huku na huku na nimeielewa kabisa. Lakini Rose nilimweleza ugonjwa wangu siku ile ile niliyopimwa, na alichoniuliza ni kama kabichi nataka na hoho au bila. Basi ulikuwa unaogopa nini kwa niaba yangu?

Kliniki zilipofunguliwa nilimpeleka. Alivaa nguo yake ya Mothers, ile ya akina mama wa kanisani, na kile kiatu alikataa kukivua mpaka tuingie ndani kwa nesi. Nesi alikuwa msichana mdogo amechoka, ana foleni mpaka getini. Alimsafisha kidonda vizuri, nitampa haki yake. Halafu akaanza maswali, na bila kuinua kichwa akauliza kama kwenye familia kuna mtu mwingine mwenye sukari.

Nilikuwa tayari kujibu mimi. Nilimwona Shangazi anaangalia mlango. Akaangalia mguu wake. Halafu akanishika mkono.

"Baba yangu," akasema. "Kaka yangu. Mimi. Na huyu."

Nesi akaandika, akauliza swali linalofuata, kama anatumia dawa zozote. Basi. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyetoka mbio kwenda kuwaambia wakwe. Nilikaa pale kwenye benchi na hasira ikanipanda upya mpaka masikioni, kwa sababu nilikuwa nimefikiri jambo mlilolificha maisha yenu yote lingekuwa gumu kusema.

Kidole wamesema watajaribu kukiokoa. Hawajaahidi. Amehamia kwangu, analalamikia kabichi, anamwambia Rose mtu mzima halishwi majani kama mbuzi, halafu anaimaliza. Usiku anapakwa dawa na mjukuu wako wa kwanza, ambaye hana kinyaa hata kidogo.

Mwezi wa nne tutakuja nyumbani Bungoma kukujengea kaburi. Watoto wote watakuwepo, na wataniuliza ulikufa kwa nini, na Babu naye alikufa kwa nini. Nakuahidi nitawaambia. Nitawaambia nikiwa nimesimama hapo juu yako, kwa sauti, usikie kila neno. Ukikasirika, kasirika. Tutakuwa wawili.

Lala, Baba.

Mwanao,
Wekesa