Mtoto Anafuata Mama

Mjomba,

Hili sijamwambia mtu. Siku ile umelala unaumwa ukaniuliza, "Mpwa, faili la ukoo limekwisha?" nikajibu limekwisha, nilikuwa hata sijaliangalia. Ukacheka: "Basi nikifa hamtagombana." Jumatano iliyofuata ukafa kweli.

Leo nimelifungua. Mjomba, sisi hatumo.

Programu uliyonifundisha kuandika, ya kutengeneza faili la XML, lile linalopanga majina kwa matawi kama mti, nilidhani naijua. Unaweka mzizi, yaani bibi yako mzaa mama, halafu kila jina unaiambia maktaba ya programu, yaani vipande vilivyoandikwa tayari, ilining'inize chini ya mzazi wake. Alama za kufungua na kufunga inaweka yenyewe. Wakubwa uliwaingiza wewe, watoto ukaniachia mimi. Ukasema, "Kwetu mtoto anafuata mama, usisahau."

Nikasahau. Shuleni kila fomu inataka jina la baba, mkono ukaenda huko huko. Baba yangu si wa ukoo huu. Programu ikamtafuta, haikumwona, ikaniruka. Ikawaruka watoto wote wa dada zako, kimya, bila hata kulalamika. Waliobaki ni wanao wa Newala, kwa kuwa wewe baba yao umo, ambao ukoo wao ni wa mama yao! Ungenitania mwaka mzima.

Na Jumamosi ni arobaini yako, kijijini Mkunya. Wazee watasoma orodha hiyo, kisha wachague mpwa wa kurithi jina lako. Mama ameshatangaza mpaka kanisani, "Mwanangu kauweka ukoo kwenye kompyuta."

Tangu asubuhi nakaa, nasimama. Nimebadilisha mstari mmoja, mtoto atafutiwe mama. Nikaandika jina la Mama, nikaendesha, mimi na kaka tukatokea chini yake. Nikalia. Lakini wale wa Chiungutwa, watoto wa binti za mama yenu mdogo... ulinitajia nani ni wa nani, mimi nikaandika baba zao tu. Sikumbuki hata mmoja.

Mama anawajua wote. Ila nikimuuliza, itabidi nimwambie kwamba nilikudanganya ukiwa unakufa.

Mara tatu nimeifunika barua hii kwa daftari nikidhani Mama anakuja, kumbe mara ni paka, mara ni upepo.

Hizi sasa ni kandambili za Mama. Anakuja. Daftari nimelitupa kitandani, karatasi iko wazi mezani, aisome.

Pumzika, Mjomba wangu. Jumamosi hataachwa mtoto hata mmoja, nakuahidi. Anagonga ml