Mama Amefika Juu

S.L.P. 2083,
Kitale.
Jumatatu, 20 Januari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Levi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Waendeleaje na baridi ya huko Kanada? Natumai unakula vizuri na kifua hakikusumbui. Sisi tu wazima, ila vumbi la kiangazi limetuzidi.

Kaa chini kwanza. Juzi Jumamosi Mama alipanda tena Mlima Elgon, hadi juu ya lile jabali la Endebess, na akashuka kwa miguu yake mwenyewe!

Wazo halikuwa langu. Tangu Krismasi alikuwa akisema hawezi kuogopa mlima anaouona kutoka kwake Matulo kila akianika nguo. Nilipokataa, akampigia simu Jepkoech, yule askari wa mbuga aliyetusaidia kumbeba mwaka juzi, wakapanga bila mimi. Si unamjua mama yako.

Safari hii hakuna aliyetuambia ati Julai ni kiangazi. Wewe bana! Ulituletea likizo ya Kanada katikati ya mvua ya Kitale, nasi tukakufuata kwenye ukungu na utelezi kana kwamba hatukuzaliwa hapa. Sasa njia ilikuwa kavu. Tulipofika pale alipovunjika mguu, mimi ndiye niliyetaka turudi. Yeye alisimama, akaomba kwa sauti, akaendelea.

Kule juu nililia, Levi. Mwaka mmoja na nusu nimebeba yale maneno niliyokutupia hospitalini, kwamba ubaki huko huko usirudi tena. Najua ndiyo sababu hupigi simu. Nisamehe. Sote tulipanda kwa hiari yetu, na viatu vya Mama siku ile nilimfunga mimi.

Mkongojo aliotembelea tangu avunjike, Mama alitaka kuuacha huko juu. Jepkoech akakataa, mbugani haziachwi takataka. Sasa umechomekwa uani, amefungia mbuzi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Mjomba Wanjala anakusalimia, na binti yangu Nakhumicha anauliza kama bado unakoroma.

Mama ameniagiza nikuandikie hivi, nisibadilishe neno: "Mwambie Levi mimi nimefika. Si sasa ni yeye amebaki nyuma? Akuje Desemba, nitampandisha mimi."

Mungu akulinde, akulete kiangazi cha kweli.

Dada yako, akupendaye kuliko anavyogomba,
Agneta