Nilivyopunguziwa Bei na Simu Tupu

Jumatano, 3 Aprili 1996

Hili sijamwambia mtu, hata mdogo wangu Yassir, ambaye yeye huniambia kila kitu mpaka alichokitoa puani. Leo jioni nimezungumza na hoteli ya Mombasa mbele ya duka zima. Nimepunguziwa bei kutoka elfu ishirini na nne mpaka kumi na nne. Kwa Kiingereza safi. Baba alinibusu kwenye paji la uso, wateja wakiona.

Hakukuwa na mtu kwenye simu.

Basi. Nimeandika.

Mambo yalianza hivi. Januari shule zilipofunguliwa Baba aliuza magodoro mengi sana — nusu ya mabweni ya Rongo na Awendo yanalalia mali yake. Mama akaona ndio wakati. "Baba Aliya, miaka kumi na sita ya ndoa, na kila likizo naosha sahani za dada yako." Ni kweli. Shangazi Kultum ana hoteli ya chai Homa Bay, na likizo yetu ni hiyo: Mama kwenye sufuria, mimi kwenye sahani, Yassir kuchota maji, Baba kulala.

Mama akamwekea gazeti kwenye kaunta. Tangazo: Ndovu Maji, Mombasa, hoteli ya familia. Kuna treni ndogo, bembea za kuzunguka, na ndovu mkubwa wa simiti — unapanda ngazi hadi mgongoni, unateremka kwa mkonga mpaka ndani ya maji. Baba akasoma mara mbili. Akasema sawa, lakini bei ya gazeti ni ya kuanzia tu. Wasipoipunguza, Homa Bay.

Nikachaguliwa mimi kupiga. Niko kidato cha pili na karo lazima irudishe kitu. Mimi! Mwalimu akiita majina asubuhi, anayekaa nami ndiye huniitikia.

Juzi nilipiga kweli. Mwanamke akataja ishirini na nne. Baba akaninong'oneza: sema kumi, halafu kata. Nikasema, nikakata. Ndiyo mbinu yake. Mteja akitoka, muuzaji mwenyewe atamwita arudi. Jana alishinda kando ya simu akingoja Mombasa imwite. Hata chakula alikula hapo kaunta. Walter, anayetubebea magodoro, akamuuliza kama ni posa imekataliwa.

Mombasa haikumwita.

Leo saa kumi na mbili, gharama ya simu ilipopungua, akatoa ufunguo, akafungua kufuli la simu, akanipa mkono wa simu. Nikazungusha namba. Tuu, tuu, tuu — iko na shughuli. Nikageuka niwaambie. Walikuwa wananitazama wote. Mama alikuwa ameshika lile gazeti kama mtu aliyeshika tiketi. Mdomo wangu ukasema: "Good evening, madam."

Na sikutetemeka! Hilo ndilo la ajabu. Hapakuwa na mtu wa kunisikia upande ule, kwa hiyo maneno yalikuja yenyewe. Niliiambia tuu-tuu kwamba sisi ni familia ya heshima. Nikanyamaza ili ijibu. Nikacheka kidogo kwa ilichosema. Baba ananyoosha vidole, mimi nashuka navyo. Tulipofika kumi na nne akanong'ona, "Nyongeza. Omba nyongeza." Kama ananunua sukari. Nikaomba.

Tuu-tuu ikatupa usiku wa tano bure.

Alhamisi, 4 Aprili

Baba amewaambia wote msikitini. "Mtoto wa kike, na kwa Kiingereza." Mzee Machuki wa duka la vioo anataka nimpigie kiwanda cha Nairobi, na yeye apunguziwe. Nilijifungia chooni mpaka akaondoka.

Yassir amepanga magodoro kumi dukani, anateremka toka juu akipiga kelele kama ndovu. Hajui ndovu analiaje. Analia kama mbuzi.

Mama amenunua kitambaa kizito cha buluu, anajishonea nguo ya kuogelea: mikono mirefu, suruali, kofia inayofunika mpaka shingo. Aliijaribu mbele ya kioo. Tulijizuia kucheka, akacheka yeye. Alisema Walter akimwona ndani ya hiyo atambeba akamuuze pamoja na magodoro.

Halafu kabla ya chakula cha mchana akasema, taratibu tu, akichambua mchele: "Nitakaa mezani niletewe sahani. Nikimaliza, iondolewe na mtu ambaye si mimi."



Ijumaa, 5 Aprili

Shangazi Kultum amepiga kutoka Homa Bay. Alidhani tunakwenda kwake Jumatatu ya wiki ijayo kama kawaida. Baba akamweleza kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Kosa lake. Sasa Shangazi anakuja nasi. Anasema kama msichana anaweza kupewa usiku mzima bure, basi kitanda kimoja cha mwanamke mzee ni kitu gani.

Baba akanipa mkono wa simu. Nikasema leo ni Ijumaa Kuu, ofisi imefungwa.

"Hoteli inafungwa siku ya sikukuu?"

"Ofisi ya bei."

Alinitazama kama anavyotazama noti iliyochanika kona. Akauliza watafungua lini. Jumanne, nikasema. Nimejinunulia siku nne.

Jumapili, 7 Aprili

Jirani zetu wametoka kanisani, redio ziko juu kila upande. Duka limefungwa nusu siku.

Walter alipita kuchukua mshahara wake. "Aliya, huyo madam wako anaitwa nani?" Anauliza huku anatabasamu, sijui anajua nini. Baba akasema ni swali zuri. Jumanne atatuma pesa ya kushikia vyumba kwa Posta, halafu anunue tiketi za basi, na hawezi kuandika "madam" tu.

Nikasema Bi. Phelesia. Sijui nilimtoa wapi.

Sasa yule tuu-tuu ana jina. Mama tayari amemfungia kilo mbili za karanga, zawadi ya kwetu Migori.

Jumatatu, 8 Aprili

Pesa zinatoka kesho. Leo ilibidi.

Baba alikuwa msikitini kwa swala ya Maghrib. Mama jikoni. Ufunguo wa kufuli hukaa kwenye mfuko wa koti la duka la Baba. Nilipiga. Ikalia mara mbili, akajibu mtu. Mtu wa kweli, anayepumua.

"Hello?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu.

"Hello? Can I help you?"

Hakuna kitu. Kisha yule mwanamke akaacha Kiingereza chake. "Nakusikia unahema. Sema tu, dada, hapa hatuumi."

Nikasema mimi ndiye niliyemkatia simu Jumatatu iliyopita.

"Kumbe ni wewe! Nilidhani umegongwa na nyoka."

Basi nikamwambia. Yote — vidole vya Baba, tuu-tuu, usiku wa tano, Bi. Phelesia na karanga zake. Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikilize, nikarudia kipande cha nyongeza. Anaitwa Marion. Nami sijui kilichoniingia, nikaanza kumwomba bei kwa Kiswahili, kama mteja wetu wa Jumamosi. Niangalie basi. Tutarudi tena. Usinifukuze. Kwa Kiingereza hayo ningeyasemaje?

Akasema Baba anapigania bei ambayo inakufa yenyewe. Ile ya gazeti ni ya Pasaka. Kuanzia kesho ni bei ya msimu wa mvua, na Mombasa hata ikinyesha maji ya kuogelea hayaharibiki. Yassir ana miaka tisa, analala chumba cha wazazi bila malipo. Mimi ni kitanda cha ziada, nusu bei. Na tusilipie chakula cha mchana, watoto hawatoki majini kuja kula. Tuchukue asubuhi na usiku. Akapiga hesabu: elfu kumi na sita na mia tano, siku nne. Ataniwekea.

"Na nyongeza?" Nilijisikia nikisema. Mimi!

Akasema: "Treni. Mtapanda bure siku zote nne. Shangazi yako alale kwa pesa zake."

Kwa hiyo nimepunguza kweli. Mimi mwenyewe, na mtu akinisikia. Na siwezi kumwambia yeyote, maana kumi na sita na nusu ya kweli ni hasara tupu mbele ya kumi na nne ya uongo. Nimeshindana na simu isiyo na mtu, nayo imenishinda.

Kitu kingine. Marion anasema lazima azungumze na mzazi. Atapiga mwenyewe kesho saa tatu. Nikasema ndiyo. Naona nilikuwa nimezoea kusema.

Jumanne, 9 Aprili

Nilitaka kumwambia Baba wakati wa chai. Alikuwa anapuliza kikombe, anamweleza Mama kwamba Bi. Phelesia ni mtu wa kusikiliza, hodari wa kazi. Mama amevaa ile kofia ya buluu, anasema anaizoesha. Nikanywa chai nikapanda juu.

Duka liko chini ya kitanda changu. Mbao ni nyembamba, nasikia mpaka sarafu.

Saa tatu. Imelia.

"Noordin anaongea." Anacheka cheko lake la biashara. "Nilijua mtapiga. Nilimwambia mke wangu, hawa watapiga tu."

Ya Rabi.

"Marion? Na Bi. Phelesia yuko wapi leo?"

Kimya.

"Kumi na sita na nusu ya nini?"

Walter ameacha kuburuta magodoro.

"Jana? Jana jioni nilikuwa msikitini. Nani alipiga?"

Sasa sauti yake imeshuka, nimelala sakafuni ndio nimsikie.

"Kwa Kiswahili? … Aliomba nini? … Hapana, mama, labda ni mtu mwingine. Huyu wangu haongei."

Anasikiliza. Bado anasikiliza. Amekohoa, au si kikohozi, siwezi kujua nikiwa huku juu.

"Usikate. Tafadhali, mama, usikate."

Mkono wa simu umelazwa kwenye kaunta. Haukurudishwa, nimesikia mbao, sikusikia kengele ya kukata. Marion yuko pale kwenye kaunta, anangoja.

Baba akikasirika huniita kutoka chini, mtaa wote usikie. Hajaniita. Ngazi ya kwanza. Anapanda taratibu. Mama anamfuata na ndara zake, "Baba Aliya, kuna nini? Wamekataa?" Hajibu.

Nitasema mimi kwanza kabla hajauliza. Nimeshaipanga. Nitaanza na Mama na sahani, hapana, nitaanza na ile tuu-tuu, nimtazame usoni niseme Baba, Jumatano ile hakukuwa na

Mlango. Daftari chini ya godoro