Kila Kitufe Kilimwita Zakaria

Jumanne, Kebirigo

Eti nampendelea ndugu yangu! Mwenyekiti wa bodaboda amenifokea leo, steji nzima ikisikia: "Dada, kwa hii programu yako abiria akibonyeza jina la yeyote, simu inalia kwa Zakaria. Unatuona wajinga?"

Upendeleo gani? Zakaria ni wa mwisho kwenye orodha, basi. Nilisahau kukipa kila kitufe namba ya mwendeshaji wake, kwa hiyo kikibonyezwa kinachukua namba iliyobaki mwisho. Nimeeleza mpaka koo likakauka. Wamenicheka.

Nimerekebisha. Nimemwonyesha Zakaria, nikitarajia angalau asante. Amenuna.

"Ulikuwa na haraka gani?"

Kumbe alijua tangu asubuhi! Mimi natukanwa, yeye anabeba abiria wa steji nzima.