Baba Sabina, Taa Sijaizima

Baba Sabina,

Sijui kama huko uliko watu huandikiwa barua, lakini mimi nimezoea kukusemesha, na tangu uondoke maneno yamenijaa kifuani. Usiponijibu si neno. Hata ulipokuwa hai msemaji nilikuwa mimi, wewe kazi yako kuguna.

Mahindi nimevuna mazuri. Ulezi wa bondeni ndege wameula kidogo, si sana. Nguruwe jike amezaa, na mmoja wa watoto wake ana kichwa kigumu, nimempa jina lako, utanisamehe. Sabina yuko mjini, Chanji, dukani kwake, ila Jumapili baada ya misa anapanda bodaboda anakuja huku Mollo kuniangalia. Anakuta nimepika, anakula, analia, anaondoka. Mgongo wangu ndio ule ule. Sasa ngoja niseme kilichonikalisha hapa, kabla sijaanza kulia nikalowesha karatasi.

Mdogo wako Deus alikuja kuichukua sola.

Najua umeshtuka. Tulia, nitafika huko.

Unakumbuka siku fundi alipotuletea kutoka mjini? Nguzo za umeme zimeishia kule barabara kubwa, sisi huku tumezoea kuziangalia kwa mbali tu, basi majirani wote wakahamia uani kwetu. Fundi akataka kuifunga paneli upande wa bati unaotazama kaskazini, kwamba huko ndiko jua linakaa nayo zaidi. Wewe ukataka upande wa barabarani ili wapitao waione. Mlibishana mpaka chai ikapoa. Fundi akashinda, ukanuna, chai ukainywa ya baridi. Akafunga betri kwenye kona ya sebule, na taa tatu: sebuleni, chumbani na kibarazani.

Kabla hajaondoka akatuita, akatuonyesha kile kiboksi cha ukutani anachokiita kontrola. Kitaa cha kijani kikiwaka, betri imejaa. Cha njano, imepungua. Chekundu, zimeni haraka, maana betri ya namna hii ikiachwa iishe kabisa mara kwa mara inakufa. Alisema hivyo hivyo. Mimi nilisikia mambo matatu. Wewe ulisikia moja tu, kwamba inakufa.

Jioni ile tulikaa kula, nyumba nyeupe pee, mpaka nikaona aibu kwa jinsi kuta zilivyokuwa na masizi. Tulikuwa hatujamaliza hata ugali ukainuka, ukazima. Ukasema, "Mbegu hailiwi, Mama Sabina."

Na mimi, mwanamke ninayebishana na padri kuhusu saa ya misa, sikubisha. Ningebisha nini? Mimi ni mtoto wa mkulima. Kwetu kihenge kikijaa unakiziba kwa udongo, unakaa unakitazama. Anayekifungua mapema, mwezi wa pili watoto wake wanazunguka kwa majirani na bakuli. Hilo tulifundishwa na njaa yenyewe, si na mtu. Kwa hiyo uliposema mbegu hailiwi nikaona mume wangu ana akili, nikawasha kibatari.

Tukaishi hivyo. Taa yetu ikawa ya wageni. Katekista akija, washa. Jumuiya wakija kusali rozari, washa. Krismasi Sabina akiwa nyumbani, washa, lakini jicho lako ukutani. Mgeni akishuka tu kibarazani, swichi: ta! Katekista alikijua chumba chetu cha mbele kuliko mimi niliyekipiga lipu. Ng'ambo ya korongo, kwa Mama Kulwa, Wasukuma wale wa ng'ombe, taa yao ndogo iliwaka kila jioni, na watoto tuliwasikia wakicheka. Ukawa unatikisa kichwa, unasema hawa watu hawajui kuna kesho.

Kila asubuhi, kabla hujanijulia hali, ulikwenda kwenye kile kiboksi. "Imejaa," unasema. Unatembea siku nzima na furaha hiyo. Kiangazi upepo ukileta lile vumbi jekundu, unapanda ngazi na kitambaa kibichi, unaipanguza paneli taratibu, wala mimi sijawahi kupanguzwa jasho hivyo. Halafu ikaja baridi ya Juni. Nikatafuta blanketi letu la pili sikuliona. Kumbe umeifunika nalo betri! Eti nayo inasikia baridi. Nililala miguu imekuwa barafu, nikacheka mpaka ukanikasirikia.

Nacheka hata sasa. Halafu sicheki.

Kwa sababu baridi ya mwaka uliofuata ndiyo iliyokuja na kikohozi chako. Nilikuchemshia kila jani ninalolijua. Nilikaa pembeni ya kitanda na kibatari, nikakusugua mgongo. Mtu kifua kinambana, na mimi namwekea moshi wa mafuta ya taa karibu na pua, wakati juu ya kichwa chake kuna balbu safi. Nikakuambia ngoja niwashe nikuone vizuri. Ukanishika mkono. "Acha. Tutaihitaji."

Tutaihitaji lini, Baba Sabina? Ulikuwa unangoja siku gani? Naiuliza hii kila siku nikipeta mahindi. Kesho yake Sabina akaja na gari la kukodi tukakupeleka mjini hospitali, na hukurudi kwa miguu yako.

Walikuleta nyumbani jioni. Watu wengi, uani pamejaa. Katika pilikapilika zile mtu mmoja akapita akawasha taa zote tatu. Hakujua. Nani angejua kama nyumba yenye taa ina mwiko wa kuwasha taa? Nikapiga kelele, "Zimeni! Zimeni jamani!" Wanawake wakanishika. Mama Kulwa akasema mwacheni, ni uchungu huo. Uchungu ulikuwepo, lakini sikuwa nalilia hilo. Nilikuwa nalinda mbegu yako.

Halafu wakafungua jeneza nikuage. Baba Sabina, nyusi zako zilikuwa na mvi. Zote mbili. Sikujua. Mchana tulikuwa tunaonana migongo tu, wewe na jembe lako, mimi na langu, na jioni, saa ambayo watu hukaa wakatazamana, sisi tulikuwa tunaokoteza mboga gizani. Mwanga wa kukutazama nimeupata siku ambayo wewe hunitazami. Roho iliniuma, na inauma mpaka leo.

Taa ziliwaka usiku wote wa mkesha. Nilikuwa nainuka kwenye mkeka kila mara, watu wanadhani nakwenda kukuangalia, kumbe nakwenda ukutani. Kijani. Kijani. Alfajiri ikawa njano, nikajua basi, tumeiua na yenyewe. Tukaenda kukuzika. Tuliporudi, watu wananawa mikono kwenye beseni, mimi nikapita moja kwa moja ndani na udongo wa kaburi kwenye viatu. Kijani. Imejaa. Jua la nusu siku tu, tena tukiwa tumekuacha makaburini, limerudisha kila kitu.

Fundi alipokuja kutoa pole nikamvuta pembeni nikamuuliza. Akaniambia kwa upole kabisa. Kwamba betri ikishajaa kontrola inafunga, haipokei tena. Jua lote linalobaki siku hiyo linapotea bure. Kwamba tungewasha kila jioni, tukala, tukazima wakati wa kulala, asubuhi lingerudi, na kesho yake tena. Kiangazi chote. Labda mvua zikishika siku nyingi ndiyo tungejibana kidogo. Na kuhusu blanketi aliinamisha uso tu, nadhani alikuwa anazuia kucheka msibani.

Nilikwenda nyuma ya banda la nguruwe nikalia. Jua lilikuwa linapiga hodi kwetu kila asubuhi limebeba zawadi, linakuta tumejifungia na ile ya jana. Ulezi ukiula umekwisha, mpaka mvua nyingine. Huu haukuwa ulezi. Laiti mmoja wetu angeuliza! Nakulaumu kidogo, nisikudanganye. Najilaumu kidogo pia. Fundi naye nimemlaumu, ingawa maskini alisema kweli tupu. Lawama nimezigawa zote na bado zimebaki.

Na unajua kilichonishangaza? Baada ya kuyajua yote hayo, sikuwasha. Watu walipotawanyika nilikwenda kwenye swichi jioni, mkono ukafika, nikakusikia unasema mbegu hailiwi. Nikarudi kwenye kibatari changu. Kesho yake hivyo hivyo. Nikawa mjane anayekula gizani na betri imejaa pembeni yake.

Ndipo tulipomaliza arobaini, Deus akapanda kutoka Wampembe, kule ziwani, na kapu la samaki, migebuka. Ukoo ukakaa sebuleni, kaka yenu mkubwa Credo ndiye anaongoza. Deus akasema anavua dagaa kwa taa, na kuchajisha kunamsumbua sana, paneli na betri ya kaka yake ingemwinua. Hakusema kwa ubaya. Akasema, "Shemeji, usinielewe vibaya. Kaka aliitunza tu. Nyie mlikuwa hamuitumii."

Ningepigwa kofi ingekuwa afadhali. Wazee wakaguna, na mguno wao ulikuwa wa kukubali. Kaka Credo akasema chombo kisichofanya kazi kinaoza, na huyu ni damu ya marehemu.  Na alilosema Deus lilikuwa kweli. Hata wakati ule anasema, jua limezama, tumekaa sebuleni hatuonani vizuri, na hakuna aliyewasha. Wote walijua desturi ya nyumba yetu.

Nikaona kabisa itakavyokuwa. Wataishusha paneli, watazing'oa nyaya, yatabaki matundu ukutani, na hadithi itakuwa kwamba marehemu alinunua jua akalificha. Na mimi nitakuwa nimekuacha uondoke na hadithi hiyo.

Nikainuka. Nikaenda kwenye swichi. Ukaanza, "Zima..." Nikasema kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, "Baba Sabina, niache!" Nikawasha ya sebuleni. Nikaenda chumbani nikawasha. Nikatoka kibarazani nikawasha. Watu wakawa wananitazama kama kichwa kimeniruka. Nikawaambia, tulikula gizani na mume wangu kwa sababu alidhani huu mwanga unakwisha. Alikuwa ananitunzia. Hakuwa mjinga, alikuwa mkulima. Kama mnauchukua, uchukueni, lakini leo mtakula hapa, taa zikiwaka, niwaone nyuso.

Nikapika ugali wa ulezi na migebuka yake mwenyewe. Wakala. Deus ana nyusi zako, nilikuwa sijawahi kuzitazama. Nilimkodolea macho mpaka akaweka tonge chini, akauliza, "Shemeji, vipi?" Nikasema kula, kula mwanangu. Hakuna aliyerudisha mjadala. Kaka Credo aliomba mboga mara ya pili, wakaenda kulala.

Asubuhi niko jikoni nasikia mabati yanalia. Nikajua ndiyo hiyo, anaishusha. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, unga unadondoka, "Deus! Shuka! Shuka nakwambia!"

Alikuwa juu ya ngazi yako. Amevua shati, amelilowesha, anaipanguza paneli. Tangu uondoke hakuna aliyepanda pale. Akanitazama, akautazama mwiko, akasema, "Shemeji, vumbi lote hili. Kaka angelia." Alipomaliza akashuka, akafungua vifuniko vya betri, akaniambia maji yake yamepungua, nimtume Sabina alete ya betri, siyo ya kisimani. Akavaa shati lake bichi na baridi yote ile. Kapu lake nilimjazia maharage. Alipofika njiani akageuka akasema sola yake ataitafuta polepole.

Basi ndiyo hayo, mume wangu. Ninapokuandikia jua limeshazama na nimekaa mezani, upande wangu. Taa inawaka. Ugali upo, matembele yapo. Kibatari nimempa Mama Kulwa awashie zizini.

Nakuahidi haya, na wewe unajua mimi nikiahidi. Kila jioni nitawasha, nitakula, nitazima nikienda kulala. Kiangazi Deus asipokuja nitapanda ngazi mwenyewe na mgongo huu huu. Mvua zikishika nitakiangalia kitaa cha ukutani, na kikiwa chekundu nitakutii. Betri haina blanketi tena, blanketi ninalo mimi.

Kwaheri, Baba Sabina. Mungu akulaze panapong'aa, na ukifika hapo, nakuomba, usizime.

Nimemaliza kulia, nimejitazama kwenye kioo chako cha kunyolea. Na mimi nyusi zangu zimeota mvi. Wewe nawe hukuniona.

Mkeo,
Mama Sabina