Mechi Tatu za Mpangaji

Ontario, 24 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za baridi, na goti la Baba Orest linaendeleaje? Mimi mwilini sijambo. Tangu Jumamosi nakupigia simu hupokei, kwa hiyo nimekaa na kalamu kama ulivyokuwa ukinikalisha mezani kila Jumapili nilipokaa kwenu kuchezea timu ya vijana, eti mtoto aliye ugenini lazima amwandikie mama yake. Mama yangu mzazi nilikuwa namwandikia mistari miwili nikimbilie kula. Leo nakuandikia wewe, na mkono unagoma.

Najua umeiona. Kila mwenye televisheni ameiona. Rylan wako alikuwa anakiokota kisahani cha hoki kwa fimbo kando ya ukuta wa uwanja wa barafu, kichwa ameinamisha, nami nikaja kwa kasi. Mama, sikumlenga. Alijipinda ghafla, bega langu likakutana na kichwa chake. Unakumbuka Baba Orest alivyokuwa akitufokea kwenye barafu nyuma ya ghala la ngano: "Inueni vichwa, mtauawa nyie." Ni yaleyale. Sisemi ni kosa lake. Nasema mchezo ndivyo ulivyo, na kila mwenye kichwa anajua ni kazi yake kukilinda. Mimi si mfungaji magoli. Nimepewa jezi kwa sababu nagonga watu, na wiki nisipogonga mtu kocha ananiuliza kama naumwa.

Ligi iko mapumzikoni, kwa hiyo kamati ya nidhamu itanisikiliza Jumatano, tarehe tano. Jambo la kwanza wanalotazama ni kama aliyegongwa ameumia. Akikosa mechi, wanaweza kunifungia mpaka mwisho wa msimu, na mkataba wangu unaisha msimu huu. Timu ya Rylan inacheza Jumanne, siku moja kabla. Akiingia barafuni hata zamu mbili tatu, watasema hakuumia. Sijamwomba kitu. Nimemwandikia tu kumpa pole na kumweleza mambo yalivyo.

Najua yuko hapo kwako. Mwambie ndugu yake anamsalimu sana.

Mwanao,
Colby

*

Saskatchewan, 29 Januari

Mwanangu Colby,

Marahaba. Goti la baba yako lipo, linalalamika kuliko mwenyewe. Baridi ni ile ya kuipasha injini ya gari joto kwa umeme usiku kucha, la sivyo asubuhi haliwaki. Umeuliza habari za nyumbani. Nitakujibu kwa sababu umeuliza.

Nimetundika mablanketi kwenye dirisha la chumba chenu. Rylan amelala humo, mwanga unamchoma macho. Kijiko kikigusa sufuria jikoni, anashika kichwa. Nilimpikia pyrohy, zile sambusa zetu za kuchemsha za viazi na jibini, zile mlizokuwa mkigombania hadi mnachomana uma. Alikula moja akaitapika. Jana alimwita mbwa Bosko. Bosko ulimzika wewe mwenyewe nyuma ya banda, ule mwaka mliomaliza shule.

Baba yako anasema maneno yako yaleyale, kwamba angeinua kichwa. Tumegombana wakati wa chakula. Nilimwambia, "Orest, ukimwona mtu anavuka barabara anatazama chini, unakanyaga breki au unakanyaga mafuta?" Akasema hoki si barabara. Nikamwambia, "Kweli, barabarani kuna polisi." Akachukua sahani yake akaenda kula sebuleni. Wazee wa kahawa pale uwanjani nao wanabishana kutwa kama ufungiwe mechi tano au kumi. Mechi zako hazinihusu mimi. Ulikuwa na kifua chake kizima cha kugonga, Colby. Nimekaa na wewe miaka mitatu, nimekuona unaingia mlangoni kwangu na mabega hayo kila siku, na hujawahi kugusa fremu usipotaka. Sitaki kusoma tena neno "sikumlenga".

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Rylan anasema anapanda ndege Jumapili kurudi kwenye timu, anasema Jumanne atacheza, yuko sawa. Hawezi kuvaa soksi bila kukaa chini. Mimi hanisikii, na baba yake anaona fahari. Wewe atakusikia, kama alivyokusikia siku zote. Mpigie umwambie asicheze. Ukikosa mkataba, utakuja hapa, tutalima pamoja. Mpigie, mwanangu.

Mama yako,
Marlys

*

Ontario, 8 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Natumaini wewe na Baba hamjambo, na kwamba baridi imelegea kidogo. Mimi ni mzima, na nalala tena.

Kamati imenipa mechi tatu. Waliuliza maswali machache kwa video, wakairudisha ile picha polepole, wakasema alikuwa ameinama, mimi sina rekodi mbaya, na aliyegongwa hajakosa mechi. Rylan mwenyewe aliwaambia ni mgongano wa kawaida. Ndivyo tunavyofanya, Mama. Hakuna mchezaji anayemchongea mwenzake kwa kamati, hata akiwa adui yake, sembuse ndugu.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Nilishika simu. Halafu nikawaza kwamba Rylan ni mtu mzima, daktari wa timu yao amempima na kumruhusu, mimi ni nani wa kumwambia akae? Nikaiweka simu chini. Jumanne nilimtazama kwenye televisheni. Aliingia zamu nne, akakimbia vizuri tu. Baada ya mechi akanitumia ujumbe: "Tumemalizana, Mpangaji. Siku nyingine kagonge watu wengine." Bado ananiita Mpangaji, kama siku ile niliposhuka kwenye basi na begi langu nina miaka kumi na sita, akakuuliza mbele yangu kama huyu mpangaji naye atakula nyama.

Usinikasirikie. Yameisha vizuri.

Mwanao,
Colby

*

Ontario, 12 Machi

Mama,

Shikamoo. Ni mwezi sasa sijapata neno lako. Goti la Baba vipi? Theluji bado?

Juzi tumecheza na timu ya Rylan na yeye hakuwepo. Nilijua lazima nitawajibika, ndiyo desturi ya hoki, aliyemuumiza mtu hupigana ngumi na mwenzake. Lile jitu lao, Tuukka, alinifuata zamu ya kwanza, akatupa glavu chini, nami nikatupa zangu. Sikumrudishia sana. Nilimwacha anipige mpaka marefa walipotutenganisha, na wachezaji wa timu zote mbili wakagonga fimbo zao ukutani kutupongeza. Tuukka alininong'oneza, "Imeisha sasa, kaka." Nimeshonwa juu ya jicho. Nilipokuwa nashonwa nilijiona mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Halafu kwenye korido nikamuuliza Tuukka Rylan yuko wapi. Alinitazama akasema, "Kwani hujaambiwa?" Akaingia chumba cha kuvalia akafunga mlango. Kocha wetu anasema nisijitie presha kwa mambo ya timu nyingine. Simu ya Rylan haiiti. Yako inaita tu.

Mama, niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Colby

*

Saskatchewan, 30 Machi

Colby,

Salamu zako zimefika. Sina za kurudisha.

Tarehe ishirini na sita Februari Rylan alikuwa mazoezini. Mwenzake alimpita karibu akamsukuma kidogo, msukumo wa mtu anayetoka kanisani ana haraka. Rylan alikaa chini kwenye barafu. Walicheka, wakadhani anatania, unajua alivyo na mizaha. Kisha wakaona damu haitoki popote ila macho yake hayatazami pamoja. Ubongo ulikuwa haujapona pigo la kwanza, ukavimba. Walimfungua fuvu usiku ule.

Nilimuuliza daktari wa timu ilikuwaje akamruhusu kucheza. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha kwenye kompyuta kwamba majibu ya Rylan ya Februari yalilingana na ya Septemba, alipopimwa akiwa mzima. Nikajua papo hapo. Mwezi wa tisa mnajifanya wajinga makusudi kwenye kipimo hicho, nyote, mnasahau maneno mliyotajiwa na kukosea hesabu, ili siku mkigongwa muonekane hamjapungua. Mlikuwa mkilicheka jambo hilo jikoni kwangu, wewe na yeye, mnaonyeshana jinsi ya kujikuna kichwa. Nilikuwa nakanda unga. Nilicheka na mimi.

Yuko nyumbani sasa. Mkono wa kulia hauinuki. Maneno anayapata moja moja. Baba yako ameng'oa mbao zote za ule uwanja nyuma ya ghala na kuzichoma. Hasemi tena habari za kuinua kichwa.

Nilikuomba upige simu moja.

Marlys Wasylyk

*

Ontario, 9 Aprili

Mama,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita hivyo, wala sijui nikusalimuje. Nakuamkia tu, shikamoo, usiitikie.

Nilimwona. Niliona jina lenu limeandikwa mgongoni mwake, nikajua ni yeye, na nikaona kichwa kiko wapi. Kabla ya mechi kocha alininyooshea kidole akasema mbele ya wote, "Leo tutaona kama Nordahl anaweza kumgonga ndugu yake au ataingia na maua." Watu wakacheka. Nikataka wanyamaze. Mama, ilikuwa ni hivyo tu, nilitaka wanyamaze.

Na ile barua ya kwanza niliyokuandikia, nilisema sijamwomba kitu. Nilimwomba. Sikutumia neno "naomba", lakini nilijua atafanya nini, kwa sababu ningefanya hivyohivyo kwa ajili yake.

Niliposoma barua yako nilipiga simu kwa kamati. Niliwaambia nilimwona na nililenga. Mtu aliyepokea alinisikiliza kwa adabu yote, akasema shauri limefungwa na adhabu nimeshaitumikia. Nikamwambia kocha, akafunga mlango akaniuliza kama nataka kuharibu maisha ya watu wengi kwa wakati mmoja. Wenzangu wanasema nimeshapigana na Tuukka, kwa hiyo nimelipa. Kila ninayemwendea ananiambia nimeshalipa.

Nimerudisha jezi. Nakaa kwenye chumba hiki natazama ukuta. Mechi tatu, Mama. Nihukumu wewe. Nitakubali lolote utakalosema, hata kama ni kwamba nisikuandikie tena.

Colby

*

Saskatchewan, 23 Aprili

Mwanangu Colby,

Marahaba. Pasaka imepita. Nilioka mkate kama kawaida, ukaumuka vibaya upande mmoja, tukaula hivyohivyo. Baba yako goti halijambo. Nilimsomea barua yako. Akatoka nje, akapanda kwenye trekta, akakaa bila kuiwasha mpaka nilipomwita kula.

Unataka nikuhukumu. Nimelala na swali lako siku nyingi. Baba yako angependa usikanyage barafu tena maisha yako. Mimi nilikutakia mengine ambayo siyaandiki, maana niliyawaza nikiwa nimemshika mwanangu nimvishe suruali. Bado nakuchukia, asubuhi hasa. Jioni nachoka.

Rylan anadhani ana miaka kumi na saba. Ananijua mimi, anamjua baba yake, na mbwa anamwita Bosko, tumeacha kumsahihisha. Kila akiamka anauliza Mpangaji yuko wapi. Namwambia umeenda kwenu, utarudi. Anasema, "Mwambie awahi, barafu bado nzuri." Nje ni matope, Colby. Leo aliuliza tena, akakasirika, akaipiga meza kwa mkono ule mzima, akasema ninakuficha.

Kamati ilikupa mechi tatu. Mimi nakupa yeye.

Uje mara uipatapo barua hii. Usilete zawadi. Utamvisha, utamlisha, utamsikiliza akitafuta neno bila kumsaidia, daktari amekataza asisaidiwe. Na siku atakapokuuliza kwa nini mkono wake hauinuki, utamwambia wewe. Mimi sitasema, na baba yako hatasema. Utamwambia ni nani, na kwamba ulimwona. Atalia, au atakutukana, au atacheka, sijui. Kesho yake atakuwa amesahau, atakuita Mpangaji na kukuuliza tena, nawe utamwambia tena.

Kitanda chako kiko palepale, upande wa dirisha. Nimebadilisha shuka. Mablanketi ya dirishani sijayaondoa, kwa hiyo ukiingia ingia polepole mpaka macho yazoee giza.

Mama yako,
Marlys